Zamu ya Treni: Tawi la Msiba

"Nipeni mwanangu!"

Kwa kelele hiyo tulimwacha Bujiku wiki iliyopita, mguu wake umezamisha breki mpaka chini, basi limekaa mshazari katikati ya barabara ya Maswa, na vumbi lililokuwa likimfuata tangu Bariadi limemfikia na kumpita. Mama mmoja alikuwa amechomoka kwenye kundi la watu wa kituo cha Mwanzagala, akajitupa mbele ya gari. Bujiku hakusikia kishindo. Hakujua amemgonga au amemkosa.

Haya, shusheni pumzi. Alimkosa. Nafasi ya kupitisha mkono tu ilibaki, lakini alimkosa. Ila asubuhi hiyo ilikuwa bado haijamaliza kumwonyesha Bujiku mambo.

"Joakim! Ameingia chini?"

"Sioni, mzee!"

"Utaonaje umekaa? Shuka utazame!"

Joakim hakushuka. Kondakta huyu, mwanaume mzima mwenye mke na watoto, alikuwa amekaa juu ya boneti ya injini, mikono kichwani, macho chini. Mtu asiyejua kitu hakai hivyo. Siku nyingine Bujiku angemwona mara moja, lakini siku hiyo alikuwa amechoka hata kushangaa kulimshinda.

Na wewe uliyepata gazeti hili leo kwa bahati tu, pengine umefungiwa sukari, usitoke kapa. Habari yenyewe ni hii.

Bujiku aliendesha mabasi ya umma ya mkoa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kampuni ikafa, mabasi yakanadiwa, na siku hizi ni ruksa, kila mwenye uwezo anaingiza gari lake barabarani na kulipaka rangi anayotaka. Ngeleja, tajiri wa pamba wa Bariadi, alinunua basi moja kwenye ule mnada, akaliandika Nyota ya Simiyu, akamchukua na Bujiku humo humo, kama vile dereva ni mojawapo ya spea.

Sasa wenye mabasi wamekubaliana kwamba abiria wa kuwahi treni pale Malampaka watabebwa na basi moja tu. Basi gani? Litakalotangulia kufika stesheni leo likiwa limejaa, kabla treni ya kutoka Mwanza haijaingia, hilo ndilo lenye zamu ya treni. Ngeleja alikwisha kwenda kungoja huko huko stesheni. Kabla ya kuondoka alimwambia Bujiku mbele za watu, tena kwa sauti:

"Ukinifikia mtupu, mzee wangu, unashuka. Funguo unampa Constantine."

Constantine ni mpwa wake, amejua gari juzi. Na Bujiku akishushwa hana pa kwenda. Hana ng'ombe, hana shamba la pamba, hana ujuzi mwingine chini ya jua. Usukani ule ndio kila kitu alichobaki nacho.

Naye alikuwa mtupu! Mboje, dereva wa basi liitwalo Chuki Binafsi, kijana aliyefundishwa udereva na Bujiku mwenyewe, alitangulia kutoka stendi na akasomba kila kilichokuwa na miguu. Hilo Bujiku alilitegemea. Abiria wa njiani ndio waliomchanganya. Kila kituo watu walikuwepo na mizigo yao, na kila aliposimama walirudi nyuma. Alipopunguza mwendo, wanaume walivua kofia, wanawake wakashika vichwa. Hakuna aliyepanda.

Mwanzo alifikiri wapiga debe wa Mboje wamewatia watu maneno. Halafu, nasema hili kwa aibu kwa niaba yake, akajifariji. Akasema moyoni, wananikumbuka hawa. Wanajua leo ndiyo leo, wananiaga kwa heshima. Akawa naye anainua kofia yake, ile ya kaki ya kampuni iliyokufa, na kuwajibu kituo hadi kituo. Mwanzagala alipunguza mwendo kama kwingine, kofia mkononi, na hapo ndipo mama yule alipojitupa.

Bujiku alifungua mlango wake, akashuka akishikilia kiuno. Hakufika mbele. Wanaume watatu walikwisha kumzunguka, na aliyewaongoza alikuwa na fimbo ya kuchungia.

"Mwadila, dereva," akamwamkia.

"Mwadila. Nipisheni nimwone yule mama."

"Yule mama haumwi, ana uchungu. Fungua mlango wa nyuma, mtupatie mtoto wetu."

"Mtoto yupi?"

"Masele. Mtoto wa Kwandu, huyo aliyelala mbele ya gari lako. Usituzungushe, mzee. Tulijua tangu alipoanguka kutoka juu ya lori la pamba kule Bariadi, wakamlaza hospitali. Siku zote hizi tunangoja. Sasa mmemleta, mteremsheni."

Bujiku aliwatazama mmoja mmoja. "Jamani, mimi sina maiti."

Kundi lote likanguruma.

"Anamficha!"

"Kamtupa njiani huyo!"

"Labda hawajalipwa, ndiyo maana hawataki kumtoa!"

"Sina maiti!" Bujiku alipaza sauti mpaka ikakwaruza. "Nina abiria mmoja na mizigo yake. Mnataka kupekua, pekueni!"

Walipekua. Mwenye fimbo aliingia wa kwanza, akapita katikati ya viti vitupu, na kwenye kiti kirefu cha nyuma akakikuta. Kitu kirefu, kimelazwa chali, kimeviringishwa shuka jeupe na kufungwa kamba sehemu tatu.

Akavua kofia.

"Huyu hapa," akasema taratibu, na sauti yake ikakatika. "Masikini, huyu hapa."

Nje wanawake wakapiga yowe. Mama aliyekuwa mbele ya basi alinyamaza ghafla, na kunyamaza kwake kulitisha kuliko lile yowe. Mwenye fimbo akanyoosha mkono, akashika upande wa kichwa ili afunue.

Pa! Kofi lilimpata sawasawa kwenye mkono.

"Gusa tena uone! Gusa!"

Felisita alikuwa amesinzia kwenye kiti cha pembeni. Muuza mitumba huyu wa Somanda, kule kule Bariadi, ndiye yule abiria mmoja wa Bujiku, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi. "Tangu lini unafungua mzigo wa mwanamke bila hodi?"

"Mama, huyu si mzigo, huyu ni mtu!"

"Mtu? Mtu gani anayenuka dawa ya nondo?" Akavuta kamba mwenyewe, shuka likaachia, na makoti marefu ya baridi ya Wazungu yakamwagika sakafuni, mikono mitupu huku na huku. "Haya, mzikeni."

Kuna aliyecheka nje, halafu akajisikia vibaya akanyamaza. Mwenye fimbo aliokota koti moja, akalirudisha juu ya kiti kwa adabu, akashuka. Alikuwa mpole sasa, na hilo lilimfanya aonekane mzee zaidi.

"Kama hamna maiti," akamwuliza Bujiku, "tawi ni la nini?"

"Tawi gani?"

Walimfungulia njia tu.

Bujiku alizunguka mbele ya basi lake. Kwandu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mwanamke mwembamba, kanga imemtoka kichwani, mikono yote miwili imeng'ang'ania bampa. Na katikati ya mikono yake, limefungwa kwa utepe wa mpira wa tyubu, palikuwa na tawi kubwa la mwarobaini. Majani yalikuwa yameanza kusinyaa.

Ndugu msomaji, kama umekulia barabara zetu, huhitaji kuelezwa. Gari lenye tawi mbele limebeba marehemu. Gari hilo halipungiwi mkono. Unasimama pembeni, unavua kofia, unangoja lipite. Na likipunguza mwendo kituoni kwenu, basi ujue limeleta wa kwenu.

Toka Bariadi mpaka Mwanzagala, kila Bujiku alipopunguza mwendo kutafuta abiria, alikuwa anawatia watu kiwewe. Kadiri alivyojipendekeza kwao ndivyo walivyozidi kukimbia.

"Joakim," akaita. Hakupaza sauti. "Njoo hapa."

Joakim alikuja akiburuza miguu.

"Hili limetoka wapi?"

"Mzee..."

"Nimekuuliza."

"Jana jioni ulipokwenda kulala, Constantine alikuja kuchukua gari. Kuna watu walitaka kupeleka mwili kwao. Bosi alikubali, ila akasema usiambiwe, maana ungekataa gari kutoka kabla ya safari ya leo. Constantine akaenda nao, akalirudisha alfajiri, akaenda zake kulala."

"Na tawi akaliacha."

"Akalisahau."

"Wewe ulikuwa unaosha gari alfajiri. Hukuliona?"

"Nililiona."

"Ukaliacha?"

"Ningeligusaje, mzee? Si mimi niliyelifunga!"

Hapo watu kadhaa waliitikia kwa vichwa, na hata Bujiku hakuweza kumlaumu sana. Madereva na makondakta wa njia hizi wana sheria yao, na hakuna ofisi iliyoiandika. Aliyefunga tawi ndiye anayelifungua, akishamfikisha marehemu na kunawa mikono. Mwingine halishiki. Akilishika amejitwisha msiba usio wake, nao utamfuata mpaka umpate. Bujiku mwenyewe alimfundisha Joakim sheria hiyo, na Mboje kabla yake.

"Ungeniambia mimi, basi."

"Ungeniuliza gari lilikwenda wapi. Na bosi alishanikataza. Nikasema labda utaliona mwenyewe ukipita mbele."

Hakupita mbele. Alitoka nyumbani akiwaza funguo, akapanda kwa mlango wake, akaondoka. Zamani za kampuni asingewasha gari bila kulizunguka lote na kupiga teke kila tairi. Siku hizi alikuwa hazunguki. Kuna mahali fulani, hakumbuki lini, aliacha.

"Kwa hiyo zile kofia," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Walikuwa wanamwamkia marehemu."

Bujiku akaivua kofia yake ya kaki, akaitazama, akairudisha kichwani. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani kukaa pale chini kwenye vumbi na yule mama, wapumzike wote wawili.

"Baba." Kwandu alikuwa amesimama, bado ameshika bampa. "Huyo wa jana. Alikuwa nani?"

"Mwulize huyu."

"Bibi kizee, mayu," Joakim alisema haraka, akimwita mama kwa Kisukuma. "Bibi wa Sapiwi. Ndugu zake niliwaona wakipanda, wanawake tu na mzee mmoja. Naapa mbele ya Mungu, hakuwa kijana."

Kwandu alicheka. Alicheka na machozi yakamtoka, akaziba mdomo kwa kanga. "Wabeja," akashukuru, "wabeja, baba. Kwa hiyo Masele wangu ni mzima?"

"Hilo silijui, mayu. Najua tu kwamba si yeye."

"Inatosha. Nitajionea mwenyewe. Nipelekeni Bariadi."

Bujiku alifumba macho. Alikuwa analingoja neno hilo na alikuwa ameomba lisisemwe.

"Mayu, mimi naenda Malampaka. Leo ni lazima nifike Malampaka. Kesho nikirudi nitakupitia hapa hapa, nitakuketisha kiti cha mbele."

"Kesho," Kwandu alisema. Hakubisha. Alilirudia tu neno hilo, halafu akaanza kufunga kanga yake vizuri.

Joakim akamvuta Bujiku pembeni. Macho yake yalikuwa yamechangamka, na mtu akichangamka mahali pa aibu ujue amepata wazo bovu.

"Mzee, bado tunaweza kumpata Mboje."

"Na gari hili? Mboje yuko mbele sana."

"Mboje anasimama kila kichaka kupakia, na amejaza mno, hawezi kukimbia. Sisi tuko watupu, gari jepesi. Na tawi tunalo!" Akashusha sauti. "Fikiria. Nani atakataa kulipisha gari la msiba? Kizuizini polisi wananyanyua kamba na kupiga saluti. Mboje mwenyewe akituona nyuma atakaa pembeni, atavua na kofia. Tukishampita tunafika Maswa kabla yake. Pale tunajaza abiria wake wote, tunaingia Malampaka tumefurika."

"Watapandaje na tawi mbele?"

"Maswa tutalifunika na gunia."

Sijui wewe ungefanyaje. Bujiku alikuwa hajawahi kumwibia mwenzake abiria hata mmoja, si enzi za kampuni, si enzi hizi za kila mtu na lwake. Lakini alikuwa mtu aliyechoka. Mgongo unauma, Ngeleja ananyoosha mkono apewe funguo, Constantine anakenua meno nyuma yake. Marehemu alikwisha kufikishwa kwao. Tawi lilikwisha kumnyima abiria asubuhi nzima, kwa nini na lenyewe lisimlipe?

"Liache," akasema.

Akapanda, akawasha. Injini ilikohoa ikashika. Watu wa Mwanzagala walisogea pembeni kimya, na baadhi yao, kwa mazoea tu, wakavua kofia tena.

Bujiku alitia gia na kutazama kioo cha pembeni kuona kama njia ni nyeupe. Haikuwa nyeupe. Ndani ya kioo, katikati ya barabara, Kwandu alikuwa anatembea. Amewapa mgongo, viatu mkononi, anaelekea Bariadi.

"Anakwenda wapi yule?" akauliza, ingawa aliona.

"Bariadi," Joakim alisema.

"Kwa miguu?"

"Sasa kwa nini kingine, mzee? Gari la kwenda huko leo halipo mpaka mmoja wetu arudi."

Mguu wa Bujiku ulikuwa juu ya klachi. Alitazama mbele, barabara ya Maswa imenyooka na haina mtu. Alitazama kiooni. Mwenye fimbo alikuwa amemfuata Kwandu, kisha mwanamke mwingine na mtoto mgongoni, kisha wengine. Hawakumwita wala kumlaani. Walikuwa wamekwisha kumsahau, yeye na basi lake.

Hilo ndilo lililomchoma. Enzi za kampuni basi lilikuwa linaondoka saa yake, lijae lisijae, na mama mwenye mgonjwa hakuachwa barabarani hata kama hana nauli. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimama. Watu walimpenda kwa hilo. Sasa amekuwa dereva wa namna gani, wa kumwua mtoto wa watu kituoni kwa tawi, halafu aondoke nalo akatafutie abiria?

"Baba Nyanjige," Felisita alisema kutoka nyuma. Wanakaa mtaa mmoja, humwita kwa jina la binti yake. "Kama unaondoka, ondoka. Kama unarudi, rudi. Lakini usiniweke juani na makoti ya baridi."

"Nikirudi hufiki Malampaka leo, Mama."

"Nguo zenyewe zimevaliwa na kutupwa huko Ulaya, zikasafiri bahari nzima, hazijaoza. Zitaozea Somanda leo?"

Bujiku aliweka kiganja juu ya honi, akakandamiza. Ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya barabara waliinua vichwa. Kwandu aligeuka.

"Pandeni!" Bujiku alipiga kelele dirishani. "Mnatembea kwenda wapi? Pandeni, nawapeleka!"

Lo! Watu walivyorudi! Kwandu alipanda wa kwanza, akakalishwa kiti cha mbele. Nyuma yake wakaja shangazi za Masele, wajomba, majirani, mwenye fimbo na fimbo yake, mama mwenye mtoto, mzee aliyebeba kuku wa kumpelekea mgonjwa supu. Hata wale waliokuwa wakingoja gari la Maswa na mizigo yao walisema wataahirisha, Masele ni mtoto wa wote. Viti vikajaa. Njia ya katikati ikajaa. Joakim akabaki ananing'inia mlangoni, mguu mmoja ndani.

"Mzee," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulia na kucheka. "Tumejaza."

"Nimeona."

"Hatujawahi kujaza namna hii."

"Nimeona, Joakim."

"Ila tunarudi Bariadi."

"Na hilo nimeliona." Bujiku alizima injini.

"Sasa unazima nini?"

"Siwezi kuingia hospitali na lile dudu mbele. Unataka wagonjwa wafe kwa hofu?"

Joakim alishtuka. "Mzee, usiliguse! Twende nalo hivyo hivyo, Constantine atalifungua mwenyewe. Ndiye aliyelifunga!"

"Constantine amelala."

"Mzee Bujiku, sheria ni yako! Wewe ndiye uliyenifundisha!"

"Basi mimi ndiye nitakayeivunja," Bujiku alisema, akashuka.

Moyo wake ulikuwa mwepesi. Msinishangae, ndivyo ulivyokuwa. Alijua jioni hiyo Ngeleja ataona vumbi la Chuki Binafsi peke yake. Alijua funguo zimekwenda. Lakini ndani ya basi watu walikuwa wanaongea, wanacheka, Felisita amekwisha kuanza kumpimia mtu koti, na Kwandu alikuwa akimtazama kwenye kioo cha mbele akitabasamu, kama vile ni yeye Bujiku aliyemponya mwanawe. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu amtazame hivyo akiwa kazini.

Aliinama. Constantine alikuwa amekaza ule mpira vibaya, fundo juu ya fundo. Bujiku alivunja kucha, akatukana kidogo, akatumia meno. Mwishowe mpira uliachia na tawi zima likamwangukia mikononi, majani yaliyosinyaa yakamwagika kwenye viatu vyake.

Akanyoosha mgongo. Basi lilikuwa bado limeelekea Maswa, bado hajaligeuza, kwa hiyo aliyekuwa ndani alitazama mbele, na yeye aliyekuwa mbele alitazama nyuma, upande wa Bariadi. Huko aliona vumbi.

Gari! Bujiku alifurahi. Gari linalotoka Bariadi saa hizi huenda lina mtu aliyepita hospitali, atalisimamisha aulize habari za Masele, huyu mama atulie kabla ya safari. Akainua mkono wake ulio huru.

Ilikuwa pikapu nyeupe. Nyuma walisimama watu, wameshikana mabega.

Mkono wa Bujiku ulibaki hewani. Mbele ya pikapu, juu ya bampa, palikuwa na kitu cha kijani. Majani yake hayakuwa yamesinyaa. Yalikuwa yamekatwa muda si mrefu.

Lipite, aliomba. Ee Mungu, ni la Maswa hilo, ni la Malampaka, ni la mbali. Lipite tu.

Pikapu ilipunguza mwendo.

Ndani ya basi kelele zilianza kuzimika. Zilizimika kuanzia kiti cha nyuma, waliokuwa karibu na kioo cha nyuma wakinyamaza kwanza, halafu waliofuata, kimya kikija mbele kiti kwa kiti. Felisita aliliacha koti. Joakim, pale mlangoni, aligeuza shingo kutazama nyuma, akashusha mguu wake chini polepole.

Ilipobakiza hatua chache kulifikia basi, pikapu iliwasha taa ya kushoto. Upande wa kushoto pale hakuna njia nyingine, ni ile ya kuingia Mwanzagala tu.

Bujiku alishika tawi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akavua kofia.

Kwandu, ambaye kimya kilikuwa bado hakijamfikia, aliona tu dereva wake amesimama juani na kofia mkononi. Akagonga kioo kwa kidole, bado anatabasamu.

"Baba, mbona umesimama? Panda, twende."